Usikubali Kufanywa Raia Mpya Katika Nchi Yako ya Zamani



Kijana wa Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau na Kiunga. Kijana wa Amu, Matondoni, Witu na Basuba: haya ni yako. Soma mpaka mwisho, halafu mtumie mwenzako ambaye mpaka leo hana kitambulisho.

Zile picha umeziona. Hema, viti vya plastiki, ngoma, mgeni wa heshima, na mzee anayenyoosha mkono kupokea karatasi aliyoingojea umri wake wote. Mwaka 2017 walikuwa Wamakonde wa Kwale, ambao Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo wakasikizwa. Mwaka 2021 walikuwa Washona. Julai 2023 huko Kilifi walikuwa Wapemba, watu waliovua samaki katika maji haya na kuzaa watoto na wajukuu hapa bila ya nchi yoyote kuwatambua. Ile ni furaha ya kweli. Muislamu mwenye moyo hawezi kuiona asiseme alhamdulillah.

Lakini kuna neno limeanza kuingia barazani kwetu, na tulikamate mapema kabla halijazoeleka. Utamsikia mtu akisema: "Na sisi Wabajuni tufanyiwe kama Wapemba. Serikali ije, itupe uraia, tumalize maneno."

Ndugu yangu, hapo simama. Huyo anayesema hivyo ana nia njema, lakini ajiombea hasara asiyoijua.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina milango miwili tu ya uraia: kuzaliwa na kusajiliwa. Kifungu cha 14 chasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa baba yako au mama yako alikuwa raia wa Kenya. Mmoja tu atosha. Haijalishi umezaliwa Kiunga, Mombasa au Muscat. Haijalishi mzazi huyo yuko hai au amekufa. Kifungu cha 15 ni cha kusajiliwa: mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya kwa miaka saba, au aliyekaa nchini kihalali kwa miaka saba, aomba, apewa, na ala kiapo. Wapemba na Wamakonde walifunguliwa mlango huu wa pili kwa sababu sheria ilikuwa imewahesabu kuwa watu wasio na nchi.

Tofauti yake ni nini? Soma kifungu cha 17. Uraia wa kusajiliwa waweza kufutwa: kwa madai ya udanganyifu, au ukipatikana na hatia na kufungwa miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano tangu usajiliwe, na kwa sababu nyingine zilizotajwa pale. Raia wa kuzaliwa mwenye wazazi wanaojulikana hana kifungu cha namna hiyo juu ya kichwa chake. Na kifungu cha 137 chasema anayetaka urais lazima awe raia wa kuzaliwa.

Sasa fikiria kijana wa Lamu anayesimamishwa kila kizuizi cha barabarani kwa sababu ya jina lake na sura yake. Je, huyo ndiye umtafutie uraia unaoweza kufutwa? Kwa sababu ya kupigwa picha chini ya hema?

Kwa hivyo ukiletewa fomu yoyote, soma kwanza inakuita nani. Kama mzazi wako ni raia, wewe huombi uraia. Uraia unao tangu ulipovuta pumzi ya kwanza. Unachoomba ni kadi inayothibitisha. Kifungu cha 12 kinaiita kadi hiyo haki ya kila raia, pamoja na pasipoti. Haikuitwa zawadi, wala sadaka, wala mradi wa mheshimiwa.

Watakuambia, "Lakini nyinyi watu wa visiwani historia yenu ina utata." Basi twende kwenye historia.

Kuanzia 1895 Waingereza walitawala mwambao huu kama himaya, huku bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikiendelea kupepea. Lamu na visiwa vyake vilikuwa ndani ya himaya hiyo. Tarehe 8 Oktoba 1963 mjini London pakafikiwa makubaliano, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wakiwamo, kwamba ukanda huu uwe sehemu ya Kenya. Tarehe 12 Disemba 1963 Kenya ikawa huru. Katiba ya uhuru ikasema kwamba aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Kenya, amekuwa raia siku hiyo, awe alikuwa raia wa Kiingereza kutoka koloni au mtu wa himaya kutoka mwambao.

Ona hapo. Mzee wa Nyeri hakuwa raia wa Kenya tarehe 11 Disemba. Mzee wa Kisumu hakuwa. Mzee wa Faza hakuwa. Wote waliamka tarehe 12 wakiwa raia, kwa sheria moja na usiku mmoja. Kama kuna sherehe ya kupokea uraia ambayo watu wa Lamu walihudhuria wakiwa raia wapya, ni ile. Ilifanyika mara moja na yatosha. Mbona mjukuu wa Nyeri hadaiwi tena cheti cha babu yake, na wewe wadaiwa?

Najua wengine watataka kujibu kwa kutaja Shanga, kisiwani Pate, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Ni fahari yetu, na tuitunze. Lakini usiende na Shanga mbele ya afisa wa usajili. Hoja ya nani alitangulia ndiyo itakayotumiwa kesho kumfukuza mwenzako aliyekuja juzi, naye pia ana haki yake. Nenda na kifungu cha 14. Hicho hakibishaniwi kwa umri wa mawe.

Sasa tuje kwenye msasa wenyewe. Kijana wa kwingineko nchini hupeleka cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akapigwa picha na alama za vidole, akaenda zake. Wewe mara nyingi huulizwa zaidi: kitambulisho cha babu, cha bibi, jina la mtaa, jina la ukoo, na wazee wakae kitako wakutazame. Na bibi yako huenda hakuwahi kuwa na kitambulisho. Unajua kwa nini? Kwa sababu mpaka 1978 sheria ya usajili ilikuwa ya wanaume tu. Serikali ambayo haikumsajili bibi leo yamdai mjukuu kitambulisho cha bibi! Na babu? Wengi walikimbia vijiji vya bara, kuanzia Ishakani mpaka Mkokoni, wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960. Mtu anayekimbia na watoto usiku kwa jahazi haulizwi karatasi zimebaki wapi.

Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, kifungu cha 8, yampa afisa uwezo wa kudai ushahidi wa yale uliyoyaeleza. Kweli. Lakini sheria hiyo hiyo yasema ushahidi ulio ndani ya uwezo wako kuuleta. Karatasi ambayo haikuwahi kuandikwa haimo ndani ya uwezo wa mtu yeyote. Na kifungu cha 27 cha Katiba chakataza kubaguliwa kwa kabila, dini au asili. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Wanubi dhidi ya Kenya, ikasema msasa wa namna hii ni ubaguzi. Kesi ilikuwa ya Wanubi, lakini soma malalamiko yao uone kama hayafanani na yako.

Kuna wanaosema, "Hili ni suala la usalama." Tusilikwepe. Lamu imemwaga damu. Mpeketoni, Juni 2014, watu wapatao 60 waliuawa, na sisi ni wa kwanza kusema ile ilikuwa haramu. Ni kweli pia kwamba kuna Wabajuni wa upande wa pili wa mpaka, Kismayu, Chula na Koyama, na kwamba baada ya 1991 wengi wao walikimbilia huku. Serikali ina haki ya kuhakikisha nani ni nani. Lakini hakikisha kwa ushahidi wa mtu mmoja mmoja, usihakikishe kwa kabila. Na tujiulize kwa akili ya kawaida: aliyebeba bunduki msituni hapangi foleni kwa chifu akiwa na cheti cha kuzaliwa. Anayepanga foleni ni yule anayetaka serikali imjue. Ukimfukuza, umepata usalama gani? Umemwacha kijana asiye na laini ya simu kwa jina lake, asiye na akaunti ya benki, asiyeweza kuajiriwa wala kupiga kura, anayeogopa hata kupanda basi la Mombasa. Huo si ulinzi. Huko ni kutengeneza mtu aliyekata tamaa, na kila mtu ajua nani hutafuta watu waliokata tamaa.

Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Twalipokea kwa mikono miwili. Lakini usilale. Kilichoondolewa kwa tangazo chaweza kurudishwa kwa tangazo. Tena, tangazo husomwa uwanjani, na wewe utakutana na afisa dirishani. Hapo ndipo litapimwa.

Na kabla hatujamaliza na serikali, tuna la kuambiana wenyewe.

Mara ngapi umemsikia mtu wa mji akimwita Mbajuni "Msomali" kwa kejeli? Mara ngapi mtu wa kisiwani amemcheka Mwaweer wa Basuba? Na wewe unayejua haki yako, je, uliwahi kusema Wapemba "wamepewa uraia bure"? Maneno hayo ndiyo makali ya kisu kinachotukata sote. Ukisema barazani kwamba wale si wetu, usishangae yakiandikwa kwenye faili. Na yule mzee anayeketi kwenye kamati akaomba "chai" ili ashuhudie jambo analolijua kuwa kweli, huyo ameuza ushahidi. Dini yetu ina jina la kitendo hicho, naye alijua tangu madrasa.

Mtume wetu (SAW) alipohamia Madina mwaka 622, aliweka mkataba uliowakusanya Muhajirina, Ansari na makabila ya Kiyahudi ya mji ule katika jamii moja yenye haki na wajibu. Wageni na wenyeji waliandikwa pamoja. Basi sisi tumetoa wapi huu mtindo wa kuchambuana?

La kufanya, kijana, ni hili.

Ukifika miaka 18, usingoje siasa. Peleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Piga picha kila karatasi kabla ya kuikabidhi. Dai karatasi ya kungojea, na iweke. Ukikataliwa, usiondoke na maneno ya mdomo. Kifungu cha 47 chakupa haki ya kuandikiwa sababu. Sema kwa adabu: "Naomba uniandikie sababu." Andika tarehe, ofisi, na ulichoambiwa. Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala au Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Malalamiko hayalipiwi. Na usiende peke yako. Vijana kumi wa kijiji kimoja wakichanga mafuta ya boti, wakifika ofisini pamoja na karatasi zao mkononi, ni vigumu kuwarudisha kimyakimya.

Na kama mtoto amezaliwa nyumbani kwenu mwaka huu, msajili sasa. Usimwachie mzigo uliokuelemea wewe.

Siku ukipata kitambulisho, furahi. Mama apige vigelegele, mpike pilau, hakuna ubaya. Ikiwa kuna hema na mgeni wa heshima, nenda, pokea kadi yako kwa mkono wa kulia. Lakini mheshimiwa akisema, "Leo tumewapa uraia," usipige makofi. Akimaliza, omba nafasi ya kusema, na umwambie kwa heshima: "Mheshimiwa, uraia tunao tangu tulipozaliwa. Leo mmetulipa deni, nasi twashukuru. Sasa tuambie, walioko nyumbani bila kadi mtawalipa lini?"

Sambaza. Wabillahi tawfiq.