GMO Kenya: Uchaguzi uliamua nini, na sayansi inasema nini?

Kila tunapozungumzia mahindi hewani, swali la kwanza kwenye simu huwa lile lile: je, GMO inaleta saratani? La pili huja baada ya kimya kidogo: na kwani ni nani aliyeamua? Tumeona tuyajibu yote mawili hapa, kwa sababu nchini Kenya yamefungamana kuliko inavyodhaniwa, na kampeni za 2027 zitayafungamanisha zaidi.

Tuanze na tarehe. Agosti 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akipata 48.85. Tofauti ilikuwa kama kura 233,000. Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi huo, na Septemba 13 Ruto akaapishwa. Siku 20 baadaye, Oktoba 3, Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya vyakula na mazao ya GMO iliyokuwa imedumu miaka kumi. Viongozi wa Azimio wakapinga. Tangu hapo ukimuuliza mtu maoni yake kuhusu mbegu hizi, mara nyingi unaweza kubashiri alimpigia nani kura.

Lakini marufuku yenyewe ilitoka wapi? Ilitangazwa Novemba 2012, wakati wa serikali ya muungano ya Rais Kibaki na Waziri Mkuu Odinga. Miezi miwili kabla, mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alikuwa amechapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO, pamoja na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Picha hizo zilizunguka dunia. Ambalo halikuzunguka ni kwamba panya wa aina ile hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida, na kwamba kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa kila jinsia. Kwa idadi ndogo hivyo, huwezi kutenganisha madhara ya mahindi na bahati mbaya. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, ingawa mwaka uliofuata ulichapishwa tena kwingine. Marufuku ya Kenya ilibaki palepale.

Hapo ndipo tunapoona kosa la kwanza. Kenya ilikuwa na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia tangu 2009, na mamlaka ya taifa iliyoundwa kwa sheria hiyo kupima mambo kama haya, zao moja baada ya jingine. Mawaziri waliipita. Na miaka kumi baadaye, wakati wa kuondoa marufuku, wananchi nao hawakuulizwa. Kufungwa kulifanyika mezani kwa mawaziri, na kufunguliwa vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe. Mahindi ya Bt, yaliyojaribiwa katika vituo vya utafiti vya Kitale, Kakamega na Embu, yamepewa jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni. Bakteria huyo si mgeni shambani. Wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakipulizia dawa iliyotengenezwa kwake kwa miaka mingi. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini ambayo bungua, yule funza anayetoboa bua, akiila, inashikamana na ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Anaacha kula, anakufa. Sisi hatuna mahali pa protini hiyo kujishika, na tumbo letu lenye asidi huimeng'enya kama protini nyingine. Ndiyo sababu mashirika makubwa ya afya na sayansi duniani hayakuona kwamba mahindi ya GMO yaliyoidhinishwa ni hatari zaidi kwa mlaji kuliko mahindi mengine. Kwa swali la saratani basi, jibu letu ni kwamba ushahidi haupo.

Msikilizaji asidhani tumemaliza. Kuna jambo ambalo serikali haikulieleza vizuri mwaka 2022. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukame, na kweli kaskazini mifugo ilikuwa ikifa kwa ukame mbaya kuliko wote katika miaka 40. Lakini jeni ya Bt inapambana na wadudu. Haileti mvua wala haimfanyi mhindi uvumilie kiu. Mbegu za mahindi yanayostahimili ukame, zinazouzwa Kenya kwa jina la DroughtTEGO, zilizalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchavusha na kuchagua, si GMO. Mkulima wa Makueni anayesubiri GMO imwokoe na kiangazi anasubiri basi lisilopita barabara hiyo.

Tena mambo mawili yalichanganywa: mbegu za kupanda, na nafaka ya kuagiza. Novemba 2022 waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alitangaza mpango wa kuruhusu magunia milioni kumi ya mahindi kuingizwa bila ushuru, yakiwemo ya GMO, karibu na msimu wa mavuno. Mkulima wa Trans Nzoia aliyekasirika hakuwa anaogopa jeni. Aliogopa bei ya gunia lake la kilo 90, na hofu hiyo haiondolewi na mtaalamu wa maabara.

Kuna pia somo la Afrika Kusini, ambalo tungependa lisikike zaidi. Huko mahindi ya Bt yalianza kupandwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua fulani walikuwa wameshayazoea. Wadudu hubadilika: wachache wanaostahimili sumu hubaki, huzaana, na baada ya vizazi kadhaa ndio wengi. Dawa yake ni kuacha sehemu ya shamba yenye mahindi ya kawaida, ili bungua dhaifu wabaki hai na kuzaana na wale sugu. Kwenye ekari mia ni rahisi. Kwenye nusu ekari, ambapo kila mstari ni chakula cha watoto, nani atakubali kulisha wadudu kwa makusudi?

Muhogo ni hadithi tofauti, na kwa wenzetu wa Pwani na Magharibi pengine ndiyo muhimu zaidi. Mwaka 2021 mamlaka hiyo ya usalama iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili kustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoacha majani mabichi huku mzizi umeoza ndani. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na jirani humpa jirani. Kwa hiyo hoja ya kununua mbegu kila msimu haina uzito ule ule hapa.

Yote haya yakaingia kortini. Mwishoni mwa Novemba 2022 Mahakama Kuu ilisimamisha uamuzi wa mawaziri. Novemba 2023 mahakama ya mazingira na ardhi huko Thika ikatupilia mbali kesi nyingine ya kuupinga. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaagiza hali ibaki kama ilivyo hadi rufaa isikilizwe. Majirani nao wana yao: Uganda bunge lilipitisha sheria na rais akakataa kuitia saini, Tanzania ilisimamisha majaribio ya Makutupora, Dodoma, Nigeria iliruhusu mahindi kama hayo Januari 2024.

Wagombea watakuja na msimamo wa ndiyo au hapana. Tungewauliza mengine: mfuko wa mbegu utauzwa bei gani, unga utawekewa alama, na nani atalipa wadudu wakizoea? Na kwa kuwa Katiba imeweka kilimo mikononi mwa kaunti, afisa wa nyanjani wa kutufundisha kupanda ule mstari wa wadudu ataajiriwa na gavana. Swali hilo tumuulize gavana, na tulianze kwa kumwomba atutajie wadi yetu ina maafisa wangapi leo.