TUSICHOME UNYEVU WETU

Mvua za Mkoa wa Songwe huja kwa msimu mmoja, yapata kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hufuata kiangazi kirefu. Katika miezi hiyo bustani za mboga za Mbangala na vijiji vinginevyo huishi kwa ndoo, na ndoo hiyo, kwa kawaida, huwa kichwani mwa mama au mtoto wa shule. Ndiyo maana inasikitisha kuona mabua na majani makavu yakitiwa moto baada ya mavuno. Achomaye mabua huchoma maji yake.

Njia ya kuyatumia haina gharama. Lichimbe tuta kwenda chini kiasi cha sentimita 45, ukiutenga udongo wa juu na ule wa chini. Tandika mabua yaliyokatwakatwa, nyasi zisizo na mbegu na vigogo vya migomba. Changanya na samadi, mwagia maji, kisha rudisha udongo. Ngoja majuma kadhaa kabla ya kupanda, kwa maana mabua yanapoanza kuoza hunyang'anya mimea naitrojeni, na samadi hupunguza dhara hilo. Yakishaoza huwa mboji, nayo huhifadhi maji karibu na mizizi, mbali na jua kali.

Jambo hili si geni. Wafipa, majirani wa Songwe, tangu zamani hufukia nyasi katika matuta ya mviringo. Wamatengo wa Mbinga nao hulaza nyasi na kuzifunika kwa udongo katika ngoro zao. Wazee hao hawakungoja semina.

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iwe pia shamba. Mwaka 1972 TANU ilitamka kule Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Maneno hayo yalipungua uzito kila pale kiongozi alipohimiza jembe asilolishika yeye mwenyewe.

Kwa hiyo hatuna budi kuwataka watumishi na walimu watangulie. Kila shule iwe na matuta mawili, moja lenye majani yaliyofukiwa na jingine bila majani, na wanafunzi wahesabu ndoo zinazotumika kila juma. Hesabu hiyo itafundisha kuliko hotuba. Lakini bustani hiyo isigeuzwe kuwa shamba la mwalimu: mboga ziingie katika chungu cha wanafunzi.

Kiangazi hakingoji mkutano. Kazi ianze sasa.