MIAKA KUMI YA NJAA



Katiba yetu ya 2010 yasema mtu akitimiza miaka 60 ni mzee, na kifungu cha 57 champa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Lakini tangu 2018 fedha za Inua Jamii kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za wenye miaka 70 na zaidi. Mtumishi wa Serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Je, miaka kumi hiyo mzee atakula nini?

Hapa Kitengela wengi wetu tu wapangaji. Mshahara ukikoma, kodi ya nyumba haikomi. Kule Kajiado, ipitapo reli ya Magadi, mzee ana boma lake, lakini ukame ukimaliza ng'ombe, boma halimlishi.

Twaitaka Serikali ishushe umri huo hadi 60, kama Katiba isemavyo. Wakati huo huo tusikae tukingoja. Kila tawi liandike majina ya wastaafu wake. Wanachama wawili wawili wawatembelee kila mwezi, watazame unga na dawa, wawasaidie kwa karatasi za pensheni na NSSF. Aliyekaribia miaka 70 apelekwe kwa chifu mapema aulizie kuandikishwa.

Nawe uliye kazini, uliza kama makato yako ya NSSF yanafika.

Wazee hawa ndio waliotufundisha kazi. Leo kwao, kesho kwetu.