Mwambie Mwenzako: Nitue

Je, umewahi kuamka usiku wa manane huku moyo unakwenda mbio? Hakuna mwizi. Hakuna moto. Watoto wamelala salama. Lakini wewe unatoka jasho, kifua kimebana, na mawazo hayakatiki. Hali hiyo ni wasiwasi. Wengi wetu tunaijua. Wachache wetu tunaisema.

Leo nataka kukuambia jambo moja. Dawa ya kwanza ya wasiwasi si kidonge. Dawa ya kwanza ni kuusema.

Mama wa mwani

Fikiria mama mmoja wa Mlingotini. Yeye hulima mwani, kama wanawake wengi wa kijiji hicho. Siku za bamvua, maji yakipwa, huingia baharini na kufunga mbegu kwenye kamba. Mwani huchukua kama wiki sita kukomaa. Lakini maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huugua. Huwa mweupe, hulegea, kisha hukatika na kuchukuliwa na mawimbi. Kazi ya wiki sita hupotea.

Mume wake ni mvuvi. Kusi likivuma kwa nguvu, mama hakai wala halali mpaka aone chombo kimerudi. Tena lipo deni, na watoto wanahitaji sare za shule. Je, mama huyu ana wazimu? Hapana. Ana wasiwasi, na wasiwasi wake una sababu.

Mwili unafanya nini?

Juu ya figo zako ziko tezi mbili ndogo. Ukiona hatari, tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka. Pumzi huwa fupi. Damu hukimbilia miguuni na mikononi. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Ukikutana na nyoka, jambo hilo linakusaidia.

Lakini deni si nyoka. Huwezi kulikimbia, wala huwezi kulipiga fimbo. Mwili unajiandaa usiku kucha, na hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana asubuhi unaamka umechoka kama mtu aliyelima shamba zima.

Vidonge vya jirani

Mama huyo akimwambia jirani kwamba halali, pengine ataambiwa, “Kanunue vidonge vya usingizi.” Mimi sikubaliani na ushauri huo. Vidonge vya namna hiyo, kama diazepamu, vinahitaji cheti cha daktari. Vina kazi yake hospitalini. Lakini mtu akivimeza kila siku, mwili huvizoea. Baadaye hawezi kulala bila hivyo. Akiviacha ghafla anaweza hata kupata degedege. Akivichanganya na pombe, pumzi yake inaweza kupungua mpaka akafa. Na mvuvi aliyelewa usingizi anawezaje kushika usukani?

Kumbuka pia kwamba kidonge hakilipi deni. Asubuhi deni liko pale pale, na kichwa kimekuwa kizito.

Mambo unayoweza kufanya mwenyewe

Kwanza, pumua polepole. Kaa chini. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu mpaka 4. Itoe polepole huku ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo. Haigharimu hata senti moja.

Pili, angalia unachokunywa na unachovuta. Chai ya rangi iliyokolea, kahawa na tumbaku huongeza mapigo ya moyo. Usinywe kahawa jioni. Pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku, na kesho yake wasiwasi huzidi.

Tatu, tembea na fanya kazi ya mwili. Mwili uliojiandaa kukimbia hutulia ukipewa kazi. Tembea ufukweni kwa nusu saa. Lima. Twanga. Lala saa ile ile kila siku.

Nne, tumia kalamu yako. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika: Ninayoweza. Upande wa pili andika: Nisiyoweza. Joto la bahari ni la upande wa pili. Upepo wa kusi pia. Lakini kumwomba mwenye deni akuongezee mwezi mmoja, hilo unaliweza. Kuhamishia kamba chache kwenye maji ya kina zaidi, hilo mnaliweza mkiwa kikundi. Chagua jambo moja tu. Lifanye kesho.

Mawazo yakiwa kichwani huzunguka. Yakiwa kwenye karatasi hukaa mahali pamoja, nawe unaweza kuyahesabu.

Benchi la mabibi

Tano, sema. Hapa ndipo penye ubishi. Watu wengi, hasa wanaume, husema, “Mambo ya nyumbani hayatolewi nje.” Wengine husema, “Maneno hayajazi chungu.” Ni kweli kwamba maneno hayajazi chungu. Lakini sikiliza habari hii kutoka Zimbabwe.

Mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Madaktari wa akili nchini mwake walikuwa wachache mno. Basi aliwafundisha mabibi 14 wa mtaa ule. Kila bibi alikaa kwenye benchi la mbao, nje ya zahanati. Mgonjwa alikaa naye na kumweleza yaliyo moyoni. Kwa Kishona hali ile huitwa kufungisisa, maana yake kuwaza mno.

Bibi hakutoa vidonge. Alisikiliza. Kisha alimsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua moja. Wakikutana tena, humwuliza, “Ile hatua imefika wapi?”

Je, ilisaidia? Walipima katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573. Majibu yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 hivi walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya 100 waliokaa kwenye benchi, waliobaki na dalili hizo walikuwa 14 hivi. Wasiwasi nao ulipungua. Benchi hilo limefika Malawi, na hata jiji la New York kule Marekani.

Mabibi wale si madaktari. Ni watu wazima wenye masikio na subira. Je, kijijini kwetu hatuna watu wa namna hiyo?

Tuliwahi kufanya

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1973 watu kama milioni mbili wa Tanzania walijiunga na vikundi vya Mtu ni Afya. Walikaa pamoja, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Walipigana na malaria na ugonjwa wa kuhara.

Kampeni ile ilihusu mwili. Maoni yangu ni kwamba moyo nao unastahili kikundi. Darasa la watu wazima linafaa. Kikundi cha mwani kinafaa. Tengeni nusu saa kila wiki. Mtu aseme, wengine wasikilize. Asichekwe. Na yaliyosemwa pale yabaki pale pale. Siri ikitoka mara moja, hakuna atakayesema tena.

Wakati wa kwenda hospitali

Sisemi kwamba hospitali haina kazi. Moyo kwenda mbio huweza kuletwa na upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo. Basi nenda ukapimwe. Nenda upesi ukiwa na maumivu makali ya kifua, au umekosa usingizi kwa majuma mengi. Nenda siku hiyo hiyo ukiwaza kujiua, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mama aliyejifungua karibuni na anayelia kila siku asiachwe peke yake. Na kama daktari amekupa dawa, usiiache bila kumwuliza. Kumbuka: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuane mizigo

Wazee husimulia kwamba jina la Bagamoyo limetokana na maneno “bwaga moyo”. Katika karne ya 19 wapagazi walitembea miezi mingi kutoka bara, wamebeba pembe za ndovu. Walipoiona bahari, walijua kwamba mwisho wa mzigo umefika.

Lakini wewe unajua jinsi mzigo mzito wa kichwani unavyoshushwa. Ukijaribu kuushusha peke yako, utavunja shingo. Unamwita aliye karibu, unamwambia, “Nitue.” Hakuna anayeona aibu kusema hivyo akiwa na ndoo ya maji. Kwa nini basi tuone aibu tukiwa na mzigo wa moyo?

Ndugu msomaji, chagua mtu mmoja unayemwamini. Mfuate leo jioni. Mwambie, “Nitue.” Na siku yeye akikuambia hivyo, weka chini kazi yako, umsikilize.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mambo gani yanayowaletea watu wasiwasi hapa kijijini kwetu?
2. Kwa nini si vizuri kununua vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari?
3. Chora mstari katikati ya ukurasa. Andika mambo mawili unayoyaweza na mawili usiyoyaweza.
4. Je, darasa letu linaweza kutenga nusu saa ya kusikilizana? Tufanye nini ili siri zisitoke?