JINA LA MFANYA KAZI NI AKIBA YAKE



Neno letu la leo ni juu ya ukoo. Huenda wengine mtasema, "Ukoo wahusu nini na Chama?" Tunawaomba msome mpaka mwisho, maana mtaona kwamba neno hili laugusa mshahara na kiinua mgongo, na kwamba mjane wa mfanya kazi aweza kulala njaa kwa ajili yake.

Siku moja tulipokuwa tumepumzika kazini, alitujia mzee mmoja Mwingereza, mgeni wa hoteli za Diani, aliyevuka kivuko kuja Mombasa kutazama injini za zamani. Alipojua kwamba sisi ni watu wa reli alifurahi sana, akasema baba yake naye alikuwa mtu wa reli, mchochea makaa. Ndipo alipotoa karatasi mfukoni na kuikunjua juu ya benchi. Ilikuwa ni orodha ya ukoo wake, vizazi vitano. Baba, mchochea makaa. Babu, mtu wa ishara. Baba wa babu, kibarua wa kutengeneza njia ya reli. Na aliyemzaa huyo, kibarua wa shamba asiyejua kusoma, ambaye siku ya ndoa yake alitia alama ya msalaba mahali pa jina. Hakuwamo bwana mkubwa hata mmoja. Wote walikula kwa jasho.

Kisha mzee yule akatuuliza, "Na ninyi?"

Tulimtajia baba, tukamtajia babu. Tulipofika kwa baba wa babu tulikuwa na jina moja tu na habari ya kwamba alikwenda vitani. Zaidi ya hapo hatukuwa na kitu. Tuliona haya, na tuliporudi nyumbani Mwabungo usingizi haukuja upesi.

Tumefikiri sana kwa nini kibarua wa Uingereza aonekane katika vitabu, na kibarua wa Mwabungo asionekane. Si kwa sababu mabwana wa kule waliwapenda maskini wao. Makasisi waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi tangu mwaka 1538. Mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wote, na cheti cha ndoa kikawa kinataja baba wa kila mmoja na kazi yake. Tangu mwaka 1841 hesabu ya watu, ifanywayo kila miaka kumi, ikawa inaandika majina ya waliomo nyumbani. Serikali ilitaka kuwahesabu na kuwatawala. Lakini karatasi zilibaki, na wajukuu wakazishika kwa faida yao wenyewe.

Sisi pia tuliandikwa, lakini angalieni tuliandikwa kwa namna gani. Tuliandikwa kama vichwa vya kulipa kodi. Kisha kikaja kipande, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kutiwa nguvu baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe, na ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Mwanamke hakuandikwa, kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mfanya kazi. Basi fikirini hasara yetu sisi wa Kwale. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Karatasi ikafuata wanaume peke yao, na ule uzi ambao wazee wetu waliushika haukuandikwa popote.

Wako watakaosema kwamba jina lisipoandikwa hapana dhara. Tunawajibu kwa mambo yaliyotokea.

Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi hapa pwani, kwamba kila mwenye madai aje ayaandikishe. Waliozijua karatasi walikwenda. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Taabu ya maskwota wa pwani ina mzizi wake mmoja hapo.

Mwaka 1914 vita ilikuja. Wajerumani walivuka mpaka upande wa Vanga wakafika mpaka Gazi, si mbali na sisi. Vijana wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi, na baba wa babu yetu alikuwa mmoja wao. Katika nchi za Afrika ya Mashariki wapagazi waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000, hata kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wengi wao kwa maradhi na njaa. Vita ilipokwisha palibaki mishahara ya wapagazi isiyodaiwa, kwa kuwa wenyewe wamekufa na jamaa zao hawakupatikana. Fedha hiyo haikuwafikia. Mtu alibeba mzigo mpaka akafa, na ujira wake ukapotea kwa kukosa jina la nyumbani kwake.

Katika stesheni ya Waterloo mjini London uko mlango mkubwa wa ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1922, wenye majina ya wafanya kazi wa reli waliokufa katika vita ile ile. Na wapagazi wetu? Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia kulisema neno hilo.

Hata sisi wenyewe wa vyama tuna deni. Januari ya mwaka 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma siku kumi na mbili. Jina la Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa Shirikisho la Wafanya Kazi Waafrika, tunalijua. Alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kizuizini. Lakini wale elfu kumi na tano walikuwa nani? Babu yetu alikuwamo, kibarua kijana. Alituambia kwamba walikula mihogo iliyovushwa Likoni kutoka mashambani. Hayo tumeyapata kwa kinywa chake tu. Asingetuambia, asingekuwamo.

Sasa tuseme habari ya nyumba yetu wenyewe, ili msidhani kwamba twahubiri mambo ya vitabuni.

Babu alifanya kazi Mombasa kwa mwajiri mmoja ambaye hatutamtaja. Siku ya kuandikwa karani alimwuliza jina, akalitaja. Akamwuliza, "Wa nani?" Babu akadhani anaulizwa kwao ni wapi, akajibu, "Wa Mwabungo." Karani akaandika hivyo hivyo. Jina la kijiji likawa jina la baba yake, na kwa jina hilo alifanya kazi miaka zaidi ya thelathini. Nyumbani alikuwa na jina lingine, na katika kitambulisho jina la tatu.

Babu alipofariki, bibi alikwenda kudai mafao yake. Ofisi ikamwambia kwamba mume wake hayumo kitabuni, na yule aliyemo kitabuni si mume wake. Alipeleka barua ya chifu, wakataka hati ya kiapo. Alipeleka hati ya kiapo, wakataka mashahidi. Sisi tulikuwa watoto wa darasa la sita katika shule ya misheni, na ndio tuliomsomea barua zile, maana yeye hakujua kusoma. Nazi za misimu mitatu ziliishia katika nauli. Siku moja alirudi jioni, akaketi barazani bila kuvua viatu, akasema, "Miaka yote nimempikia mtu, leo karani ananiambia hayupo."

Mambo yalitengenea kwa njia ambayo hatukuitazamia. Mpwa wa babu, mtoto wa dada yake, alikuja kutoka Msambweni kutupa pole, akasikia habari ile. Akasema, "Mbona karatasi za mjomba ninazo mimi?" Kumbe babu, kwa desturi ya zamani, aliweka vitu vyake vya thamani kwa mpwa wake, wala hakutuambia. Ndani ya mkebe mlikuwa na chiti ya zamani ya mshahara, yenye namba ya kazi na alama ya kidole gumba. Namba ilikuwa sawa na ile ya kitabuni. Bibi akalipwa mwaka wa tatu. Lau tungalijua toka mwanzo kumwuliza mtu wa upande wa mama yake babu, tungalimwokolea miaka miwili ya taabu.

Ndugu, hilo ndilo tulilojifunza. Ukoo wa mfanya kazi si pambo la kutundika ukutani. Ni ushahidi. Masharifu wa pwani hutunza silsila zao vizuri, nao hatuwalaumu. Wazee wa kaya hukumbuka mambo mengi kwa moyo. Na Kaya Kinondo, iliyo jirani yetu, imo katika misitu ya kaya iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Misheni walitufundisha kwamba kitabu cha Mathayo chaanza kwa orodha ya vizazi, na ndani yake wanawake pia wametajwa. Iwapo wengine wote wanao ukoo wao, kwa nini mchukuzi, mkata miwa na mpiga nyundo wa reli asiwe nao?

Lakini twataka kuonya juu ya jambo moja. Hapa pwani swali la ukoo limepata kuwaumiza watu. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na baada ya hapo wako waliouliza "Babu yako nani?" kwa nia ya kumdhalilisha mwenzao. Kwa sababu hiyo wazee wengine hunyamaza wanapoulizwa. Tusiwalazimishe. Katika Chama hatuulizi nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa. Twauliza nani alifanya kazi gani, wapi, kwa ujira gani, na watoto wake ni nani. Mtu akikataa kusema, aachwe kwa heshima.

Basi shauri letu ni hili. Kila mwanachama na anunue daftari moja la shule. Aanze na wazee walio hai, maana kaburi halijibu. Aandike pande zote mbili, wa baba na wa mama, na dada wasisahauliwe. Aandike majina yote ya mtu: la nyumbani, la msikitini au la ubatizo, na lile aliloitwa na mnyapara. Aandike kazi na namba za kazi. Kama mzee hajui mwaka, muulizeni alikuwa na umri gani wakati wa mgomo, au alikuwa wapi kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988. Baba yetu alikuwa akipakia miwa huko, na kwa kumbukumbu ya siku ile tumeweza kupanga miaka yake mingine yote. Wenye nafasi na waende katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, mahali palipowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, wakatafute katika karatasi za zamani za kazi na kodi. Waliotuandika hawakutuandikia sisi, lakini hapana linalotukataza kusoma.

Daftari likiisha kuandikwa, nakala moja ikae nyumbani, moja kwa jamaa wa upande wa mama, na moja katika sanduku la tawi. Siku mjane atakapokuja na kilio, katibu wa tawi aweze kufungua na kusema, "Huyu twamjua. Huyu ni wetu. Namba yake ni hii."

Waweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya serikali au ya mwajiri. Ni kweli, na Chama kiendelee kuwadai waandike majina sawasawa na kumsomea kila mtu yaliyoandikwa juu yake. Lakini karani aliyekosea juu ya babu yetu hakuadhibiwa, wala hakujua kwamba amekosa. Aliyelipa kosa lile ni mwanamke wa Mwabungo, kwa nazi zake.

Sisi tumekwisha kuanza. Daftari letu lina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa baba wa babu bado una mistari miwili tu, lakini chini ya jina lake tumeandika kazi yake: mpagazi. Na mzee yule Mwingereza akija tena kutuuliza, hatutaona haya.