Kuvunja Vyombo vya Anga ya Juu

Mataifa makubwa yanashindania anga ya juu kama yalivyoshindania zamani mito na misitu yetu. Januari 2007 China ililipua kwa kombora setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, na vipande zaidi ya 3,000 vikatawanyika. Marekani ilivunja yake mwaka 2008, India 2019. Novemba 2021 ikawa zamu ya Urusi, hata wanaanga wa kituo cha kimataifa, wakiwemo Warusi wawili, wakalazimika kukimbilia vyombo vyao vya kurudia duniani.

Basi twauliza: ushindi huo ni wa nani? Kipande cha chuma hukimbia huko zaidi ya kilometa 25,000 kwa saa, wala hakichagui bendera. Mkataba wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia katika mzunguko wa dunia. Kombora la kawaida haukuligusa. Mwaka 2022 Marekani iliahidi kutorudia majaribio ya namna hiyo. Twaisifu, ingawa ahadi si sheria.

Sisi wa Kongo hatuna kombora la kufika huko. Lakini utabiri wa mvua, ndege zinazovuka msitu wetu, mawasiliano ya vijiji visivyofikiwa na minara, vyote huegemea setilaiti. Tuna haki ya kuitaka serikali yetu iseme katika Umoja wa Mataifa kwamba kuzivunja kukatazwe kwa wote, na wenye makombora wawe wa kwanza kutia sahihi.