Wacheni Kutubandikia Jedwali la Bili la Wamarekani

Sasa skizeni. Tarehe 3 Aprili mwaka wa 2025 nililipa wifi ya nyumba, 2,500 kwa M-Pesa. Kesho yake ikakatwa, na mimi niko katikati ya kupakia video. Napiga simu, jamaa ananiambia, "Boss, hapa naona ulilipa tarehe nne Machi. Ya Aprili bado." Nikafungua apu yao. Kweli, imeandikwa 04/03/2025.

Hiyo ni tarehe ya kimarekani, mwezi unatangulia siku. Hapa Kenya nani huandika hivyo? Deva alichukua komponenti ya miamala iliyotengenezwa tayari, akaibandika vile ilivyokuja, akaenda kulala.

Na kabla mnirukie, sipingi komponenti. Mimi pia najifunza React. Kutengeneza jedwali la malipo mara moja kisha kulitumia kila ukurasa ni akili, manze. Lakini kosa likiwa ndani yake, nalo linasambaa kila ukurasa. Basi si dawa pia ni moja? Rekebisha hapo tu, skrini zote zinapona. Brausa yenyewe inajua kupanga tarehe kwa mtindo wetu, unaiambia tu en-KE. Mstari mmoja! Usiniambie ati klayenti alikuwa na haraka.

Hata sitaki kuanza na senti. Mwambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, ikupe 0.30000000000000004. Mtu anajumlisha bili zetu hivyo badala ya kuhesabu kwa senti nzima, halafu anashangaa tukilia.

Angalieni meseji ya M-Pesa. Inasomeka hata kwa kabambe: namba ya muamala, kiasi, umemtumia nani, tarehe, saa, salio, gharama ya kutuma. Mamangu anaielewa bila kufunzwa na mtu. Jedwali la hao watu wa wifi lina tarehe, neno "Payment" na kiasi, basi. Namba ya muamala haiko. Ningekuwa nimefuta ile meseji ningelipa mara mbili.

Wifi ilirudi Jumapili. Pesa ya hizo siku mbili hawajarudisha, na kwa lile jedwali lao hakuna hata mahali pa kuandika pesa iliyorudishwa.